Mikate Isirudi: Maisha ya Nehemiah Nyasani Momanyi, 1954–1998

Wasifu huu umeandikwa na kusomwa na dada yake mkubwa, Mwalimu Eucabeth Nyaboke, nyumbani Kebirigo, Alhamisi, tarehe 21 Mei 1998.

Mchungaji, wazee wetu, wageni kutoka mjini, majirani, na nyote mliofika kumsindikiza ndugu yetu: asanteni kwa miguu yenu. Tumezikana sana miaka hii, na kila mmoja wenu anajua wasifu wa siku hizi unavyosomwa. Mtu anazaliwa, anasoma, anaoa, halafu "anaugua kwa muda mrefu". Ugonjwa hautajwi. Msomaji anakohoa kidogo, sisi tunatazama viatu vyetu, kisha tunaimba. Nehemiah alinikataza kabisa kumsomea wasifu wa namna hiyo, na mimi nilimwahidi akiwa bado ananisikia. Tutafika huko. Kwanza mjue jinsi alivyoishi.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1954, katika boma hili hili. Alikuwa mtoto wa nne wa Mzee Zakayo Momanyi, aliyetutangulia mwaka 1981, na Mama Bathsheba Kerubo, ambaye ameketi hapa mbele na kitambaa chake cheupe. Siku hizo mkate ulikuwa kitu cha Krismasi. Baba aliuleta kutoka Kisii mjini, mmoja tu, akaukata kwa uzi ili kila mtoto apate kipande sawa. Sisi wengine tulimeza vyetu kabla uzi haujaangikwa tena ukutani. Nehemiah alikaa na chake kibarazani, akakipasua polepole, akatazama ndani, akamuuliza Mama, "Baba, nani alitoboa hizi mashimo yote?" Wageni wasishangae, kwetu mama ndiye huitwa baba. Alipokuwa akingoja jibu mbuzi alipita akakichukua kipande chote. Alilia mpaka jioni, na swali lake halikujibiwa kwa miaka mingi.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa Kebirigo, kuanzia mwaka 1962 hadi 1968, akafaulu vizuri mtihani wa mwisho. Aliingia sekondari lakini akaiacha mwishoni mwa kidato cha pili, mwaka 1970, Baba alipovunjika nyonga na shamba la pareto likabaki halina mtu. Mimi ni mwalimu, na nasema bila kumpendelea kwamba kichwa chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Hakuwahi kulalamika. Alichuma pareto, akakamua ng'ombe, akawafundisha wadogo zake hesabu kwa mahindi.

Mwaka 1972 alikwenda Kisii mjini akaajiriwa kubeba magunia ya unga katika kiwanda cha mikate cha familia ya Bwana Jaswant. Kiwanda hicho baadaye kiliitwa Bekari ya Ramila, jina la mke wa Bwana Jaswant, na ndilo mnalolisoma kwenye gari lililoegeshwa pale langoni. Bwana Jaswant mwenyewe amezaliwa Kisii, na Ekegusii chake, lugha yetu ya hapa, kinawashinda watoto wetu waliohamia Nairobi, kwa hiyo msithubutu kumsengenya hapa. Nehemiah alipanda kutoka magunia hadi kukanda, kutoka kukanda hadi tanuri, na mwaka 1984 akafanywa msimamizi wa waokaji wote. Sharti lake lilikuwa moja tu. Yeye ni Msabato, Jumamosi hafanyi kazi. Bwana Jaswant alimwambia mkate haujui Sabato. Nehemiah akamjibu kwamba yeye anaijua, na Jumapili atafanya kazi ya watu wawili. Hivyo ndivyo walivyoishi miaka yote, na sijasikia mmoja akimlaumu mwenzake.

Ndoa yake ilianza kwa mkate kurudishwa. Mwaka 1978, kabla hajapewa tanuri, alipelekwa kusambaza mikate Keumbu. Kulikuwa na duka la kijana mmoja pale barabarani, na dada yake kijana huyo ndiye aliyekuwa akiuza. Wenye maduka wengine walipokea mikate bila kutazama. Msichana huyu aliukamata kila mmoja, akauminya, akauweka sikioni kama mtu anayesikiliza redio.

"Mkate hii imelaliwa na nani?" akamuuliza siku ya kwanza.

"Haijalaliwa, dada. Ni barabara tu, imeifinya kidogo."

"Basi uzia barabara. Rudisha."

Alirudisha. Wiki iliyofuata alirudisha tena. Aliniambia kwamba alianza kuchagua mikate ya Keumbu yeye mwenyewe, mmoja mmoja, akiifunga kwa gazeti na kuipakata kiti cha mbele, na bado msichana alipata kasoro. Siku ambayo hakurudishiwa hata mmoja ndiyo siku aliyomwomba jina lake. Alikuwa Persis Kwamboka. Walifunga ndoa kanisani tarehe 17 Agosti 1980, na Mungu akawapa watoto watatu, Beverlyne, Bosire na Moraa. Persis, mwanamke mwenzangu, umemtunza ndugu yangu mpaka mwisho. Nakuambia mbele ya ukoo wote kwamba tumeona.

Sasa nafika mahali ambapo wengine wangeruka.

Kila mwokaji hukohoa. Unga unapomiminwa kutoka gunia hewa yote inakuwa nyeupe, na kwa kuwa mkate haupendi upepo, madirisha ya bekari yalifungwa mchana na usiku ili donge la unga liumuke. Waokaji walikiita kikohozi hicho "cha unga" na kukitania. Aliyekohoa sana aliambiwa amekula mkate usioiva. Katika chumba kile kilichofungwa, cha joto, watu bega kwa bega, kifua kikuu kilijificha nyuma ya unga na hakuna aliyekishuku.

Mwaka 1993 mwenzao mmoja, Makori, wa Ekerenyo, alikonda mpaka aproni ikamzunguka mara mbili. Mkewe amenipa ruhusa kumtaja. Daktari alipokipa kikohozi chake jina, Bwana Jaswant alimwachisha kazi siku hiyo hiyo. Nasema hivi mbele yake kwa sababu yeye mwenyewe aliniambia, "Mwalimu, andika vile ilikuwa." Makori alikwenda nyumbani akajificha, hakuna aliyemfuata na dawa, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa amezikwa.

Bekari ina desturi ya tangu zamani. Mtu wake akifiwa au akifa, hupeleka mikate ya kuwalisha waliokuja matanga. Nehemiah ndiye aliyepeleka kreti kule Ekerenyo. Waombolezaji waliziona zikishushwa, na hakuna aliyesogea. Bibi mmoja alimshika mjukuu wake mkono ulipokuwa ukinyooka kwenye mkate. Mtu akasema, si kwa sauti ya chini, "Hiyo ndiyo ilimuua." Mjane wa Makori alisimama kando ya kreti zile na hakujua aweke wapi uso wake. Jioni Nehemiah alizipandisha tena garini zikiwa zimejaa. Aliporudi bekari, Bwana Jaswant akamwambia atafute mtu mwenye nguruwe.

Ndugu yangu alikuja kwangu kesho yake na hakutaka kukaa. "Eucabeth, sisi tulimfukuza akiwa hai, halafu tukampelekea mikate akiwa amekufa," akasema. "Hata mimi singekula." Kisha alilia, mtu mzima, mkono wake ukiwa juu ya mlango wangu. Sijasahau.

Baada ya hapo biashara nayo iliogopa. Maduka ya Ekerenyo, hata ya hapa Kebirigo, yaliacha kuchukua mikate yao. Bwana Jaswant akatangaza kwamba kila mfanyakazi apigwe picha ya kifua, na atakayekutwa na doa aondoke. Basi ikawaje? Kila mtu akajifunza kukohoa ndani ya gunia. Aliyetoka jasho usiku alisema ni joto la tanuri. Hakuna aliyekanyaga hospitali, kwa maana hospitali ndiyo iliyokuwa mlango wa kutokea kazini.

Nehemiah mwenyewe alianza kukohoa mapema mwaka 1995, na yeye pia akasema ni unga. Asubuhi moja mwezi Juni, akiwa kwenye meza ya kukandia, damu ilimtoka ikatua juu ya donge. Angeweza kulikunja. Alilibeba donge zima, akalitupa nje uani, akarudi akavua aproni mbele ya waokaji wote. Bwana Jaswant alitoka ofisini akiuliza ni nani anayemwaga unga wake. Mathew, mtu wa tanuri, alikuwepo, na ndiye aliyenisimulia maneno haya. Ameketi pale na waokaji wenzake.

"Ni mimi, bosi. Niko na ugonjwa wa Makori," Nehemiah akasema.

"Nani alikuambia? Umepimwa?"

"Damu iko pale nje, enda uone. Sasa kama unanifukuza, nifukuze hapa hapa, watu wote wakiona. Wajue mwenye alisema ukweli alifanyiwa nini."

Bwana Jaswant alimtazama mtu waliyefanya kazi naye tangu ujana wao. Ndipo Mama Ramila alipotoka nyuma ya kaunta. Nyumbani kwao wana lugha yao, lakini alichagua Kiswahili ili kila aliye ndani asikie.

"Ukifukuza huyu, hakuna mwingine atakuambia kitu. Wote watanyamaza, na watakohoa karibu na watoto wetu. Huyu apelekwe hospitali na gari ya mkate. Kazi yake ingoje."

Kazi ilingoja. Alichomwa sindano kila siku katika hospitali ya wilaya kwa miezi miwili ya kwanza, akaendelea na vidonge mpaka Februari mwaka uliofuata. Mshahara wake haukukatwa. Muuguzi alimwambia achague mtu wa kumwona akimeza, na yeye akamchagua Mama Ramila. Alipoanza kurudi kazini, kazi nyepesi kwanza, alimeza vidonge vyake pale kaunta, na kikombe cha maziwa, wateja wakitazama. Kuna walioondoka bila kununua. Mama Ramila aliwaacha waende.

Muuguzi huyo alialikwa bekari akawaeleza kwamba kifua kikuu hupita hewani, mgonjwa akikohoa katika chumba kilichofungwa, na hakipandi kwenye mkate wala kikombe. Mgonjwa akishameza dawa kwa wiki chache kama alivyoagizwa kwa kawaida hamwambukizi mtu, na akizimaliza anapona. Kisha akaangalia juu akauliza mbona madirisha yamefungwa. Waokaji wakacheka. Wakamweleza mkate na upepo. Yeye akasema basi wachague, mkate au mapafu.

Walifungua. Wiki ile mikate ilitoka bapa kama malapa, na Keumbu ikaanza kurudisha, jambo lililomfurahisha Persis kupita kiasi. Nehemiah, akiwa bado na kidonda cha sindano, alikaa kwenye stuli akawaelekeza Mathew na wenzake kujenga chumba kidogo cha mbao, chenye jiko dogo chini na magunia mabichi ukutani. Donge likalala humo peke yake, kwenye joto lake, na watu wakafanya kazi nje penye hewa. Mkate ukaumuka kuliko zamani. Mpaka leo madirisha ya Bekari ya Ramila hayafungwi, isipokuwa kwa mvua ya mawe.

Mwezi uliofuata watu watatu walikwenda kwa Bwana Jaswant kwa miguu yao kusema wanakohoa. Mathew alikuwa mmoja wao na anataka mjue. Wote walitibiwa, wote walipona, na wote waliwasha tanuri jana.

Nehemiah naye kifua chake kilipona, na hilo mlishike. Lakini hospitali walikuwa wamempima damu pia, kwa ruhusa yake, na walimkuta na virusi vya ukimwi. Alimwambia Persis kwanza, kisha mimi, na katikati ya mwaka 1996 akamwambia Bwana Jaswant. Mtajiuliza kuhusu Persis. Damu ya Persis ni ya Persis, na haimo katika programu hii.

Bwana Jaswant, kwa hofu nzuri ya mtu anayetaka kusaidia, alisema sasa wafanyakazi wote wapimwe damu. Nehemiah alikataa. "Bosi, hii si unga, upime kwa mizani yako," alimwambia. "Ukilazimisha, tutarudi kule kwa gunia. Wewe ahidi tu hakuna mtu atapoteza kazi. Watapimwa wenyewe wakitaka." Bwana Jaswant aliahidi, akasema mbele ya wote, na hajavunja neno lake. Yeyote anayeumwa hupewa muda wa kwenda hospitali, siri yake hubaki kwake, na akiwa na nguvu hupewa kazi inayolingana na nguvu zake.

Hivyo ndugu yetu alifanya kazi karibu miaka miwili zaidi. Aliwafundisha vijana kukanda akiwa ameketi. Dawa za kuvizuia virusi vile tulisikia ziko ng'ambo. Kebirigo hazikufika. Mwezi Desemba 1997 miguu ilikataa, na Februari tukamleta nyumbani. Kichwa kilimuuma sana, daktari akasema ni maambukizi ya utando wa ubongo. Persis, Mama na Beverlyne walimgeuza, wakamwogesha, wakamlisha uji kwa kijiko. Bwana Jaswant na Mama Ramila walikuja kila Sabato, siku ambayo hangeweza kuwauliza habari za kazi, lakini aliwauliza.

Mara ya mwisho walipokuja nilikuwa chumbani.

"Bwakire, tata," Bwana Jaswant akamsalimu kwa lugha yetu, na kumwita tata, kama tunavyomwita mzee tunayemheshimu.

"Bwakire." Nehemiah akaitikia. "Bosi, mkate ya matanga yangu itakuja?"

"Itakuja."

"Nani ataoka?"

"Mathew. Na wale wengine."

"Sawa." Akafumba macho, tukadhani amelala. "Lakini isirudi."

Marehemu alifariki hapa nyumbani Jumapili, tarehe 17 Mei 1998, alfajiri, Persis akiwa amemshika. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na minne.

Nilipokuwa naandika ukurasa huu, baba yetu mdogo, Mzee Onchiri, alinijia na ushauri. "Andika malaria," akasema. "Malaria haina aibu, kila mtu ameugua." Nilimweleza kwamba Nehemiah alikuwa ameniambia niandike kifua kikuu na ukimwi, kwa herufi ambazo hata waliosahau miwani wataziona, kwa sababu anayeficha kifo chake anawafundisha wengine kuficha kikohozi. Mzee aliondoka akiguna. Sijui kama amenisamehe. Naona bado ameketi, basi nashukuru.

Marehemu ameacha mama yake, Bathsheba Kerubo. Mke wake, Persis Kwamboka. Watoto wake Beverlyne, Bosire na Moraa. Mimi dada yake, na ndugu zetu wengine wote. Bwana Jaswant na Mama Ramila. Na waokaji wa bekari, walio hai kwa sababu mtu mmoja alivua aproni. Nimeumia, ndugu zangu. Alistahili kuzeeka. Alistahili kuulizwa maswali ya mashimo ya mkate na wajukuu.

Kreti ziko pale chini ya hema la pili. Nimewaona mkizitazama tangu asubuhi. Zimeokwa na mikono ya waliougua wakapona, na uji uko tayari. Mjane wa Makori yuko hapa pia, ametoka Ekerenyo, na ameketi karibu nazo. Tukimaliza kumlaza ndugu yetu, Persis ndiye atakayemega mkate wa kwanza. Keumbu nzima inajua hakuna aliyerudisha mikate ya Nehemiah kama yeye. Leo amesema harudishi.

Nehemiah, pumzika kwa amani. Sisi tunakuja kula.